Mwanangu, treni haikuwepo

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili huku nachambua maharage. Unauliza kwa nini yule mzee Tony kwenye riwaya ya Julian Barnes, The Sense of an Ending, ile iliyobeba Booker 2011, anatudanganya kitabu kizima kuhusu mapenzi yake ya ujanani, halafu ukanichomekea hapohapo: kati yangu na baba yako nani mkweli kuhusu siku tuliyokutana.

Mama, Tony hadanganyi bwana. Muongo anaujua ukweli ila kaukalia. Huyu anaamini kabisa kwamba mpenzi wake wa zamani Veronica alipokwenda kwa rafiki yake Adrian, yeye aliwaandikia kistaarabu tu, mpaka uzeeni anapoletewa kopi ya barua yake mwenyewe, sumu tupu. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kukaa barazani, maana na mimi nina yangu.

Siku zote nawasimulia tulikutana stesheni hapa Moshi 1999, baba yenu kashuka na begi, shati jeupe, treni inapiga honi nyuma yake. Yeye anasema ilikuwa soko la Mbuyuni, nagombania bei ya ndizi. Namwambia umesahau kwa sababu hukunipenda kama mimi nilivyokupenda. Basi Desemba 2019 treni ya abiria inarudi kutoka Dar, mji mzima tumeenda kushangaa, watu wanapiga picha, na mimi nimesimama palepale ndo nashtuka, jamani si wanasema imerudi baada ya miaka zaidi ya 20, sasa ile ya kwangu ilikuwa treni gani? Labda ya mizigo, lakini nani anashuka na begi kwenye behewa la mizigo. Baba yako aliniangalia tu, akaninunulia karanga.

Honi nadhani niliitoa utotoni. Ila nilimtamani yule kijana mpaka ndizi za Mbuyuni nikaona hazimtoshi, nikamletea treni.

Ndo maana nampenda mwandishi Abdulrazak Gurnah, kwenye riwaya yake By the Sea (2001) Wazanzibari wawili wanakutana Uingereza, kila mmoja na simulizi yake ya nyumba ileile, hakuna hakimu, ni wewe na masikio yako.

Sasa barua. Kabla ya harusi tuligombana, nikamwandikia, na ninachokumbuka ni kumbembeleza tuongee. Mwaka jana natafuta hati ya kiwanja kwenye lile kopo la biskuti, naikuta: usikanyage kwetu, na sweta yangu nirudishie. Mwandiko wangu kabisa! Kaitunza miaka yote hiyo, hajawahi hata kunitania nayo.

Sweta alirudisha, hilo nina uhakika, ipo kabatini. Yeye anasema hiyo ni nyingine, alininunulia mitumba Kiborloni kwa sababu ile ya kwanza iliungua. Ukija Krismasi utaikagua mwenyewe.

Mama yako