Maswali ya Wasomaji: Kusoma Chuo Mtandaoni Ukiwa Mtu Mzima

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Tunduru, nina umri wa miaka 44 na watoto watatu. Mwaka jana nilijiunga na shahada ya elimu katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ninasoma nikiwa nyumbani kwa njia ya mtandao. Ninaingia kwenye kipindi kwa simu baada ya kupika na kuosha vyombo, na mara nyingi usingizi hunichukua kabla mhadhiri hajamaliza. Akiuliza kama kuna mwenye swali ninanyamaza, kwa sababu sauti ninazozisikia ni za vijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Mume wangu si mkorofi, ila husema kwamba chuo kisicho na darasa si chuo. Je, niahirishe masomo mpaka watoto wakue?
Mwalimu wa darasa la pili, Tunduru

JIBU: Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Nianze na neno la mume wako, kwa kuwa nahisi linakuelemea kuliko huo usingizi. Chuo unachosoma kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, na mbali na makao makuu yaliyopo Kinondoni, Dar es Salaam, kina vituo mikoani ambako wanafunzi hukaa kwenye chumba cha mtihani mbele ya msimamizi. Wala jambo la mtu mzima kusoma akiwa kwake si geni nchini mwetu: Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika muongo huohuo watumishi wengi walijiendeleza kwa masomo yaliyowafikia kwa posta. Najua safari ya kutoka Tunduru hadi Songea si fupi, lakini mtakapoitwa kituoni kwa ajili ya mitihani, mwombe mwenzako akusindikize, ayaone kwa macho yake yale ambayo maneno yako hayajaweza kumwonyesha.

Sasa swali lenyewe. Sikushauri uahirishe. Watoto watakua, lakini shughuli za nyumbani hazitapungua, zitabadilika sura tu, na wewe utakuwa umeongeza umri na kupoteza uzoefu wa muhula mmoja ulioupata kwa shida.

Ninavyoisoma barua yako, tatizo ni kwamba saa yako ya masomo haitambuliwi nyumbani. Mtu akitoka na mkoba wake kwenda darasani, kila mmoja hujua kwamba hayupo, na hakuna anayemtuma chumvi; lakini mama aliyeketi kitandani na simu mkononi huonekana anachezea simu, kwa hiyo huitwa, hutumwa na huulizwa sare ya shule iko wapi. Nilipojiunga na chuo nikiwa na miaka 41 niliishi hivyo kwa miezi minne, nikijilaumu kwamba akili imeota kutu, mpaka nilipogundua kwamba sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote wa nyumba yangu kwa maneno yaliyo wazi kwamba Jumanne na Alhamisi kuanzia saa moja usiku mimi niko darasani. Niliandika ratiba nikaibandika mlangoni, mwanangu mkubwa akapewa jikoni siku hizo mbili, na mimi nikahama kitandani nikaketi mezani. Wiki ya kwanza ugali ulikuwa mbichi, tukaula. Zungumza na mume wako kwanza, kisha na watoto, na uwatajie siku na saa, kwa sababu ombi la jumla la kusaidiwa husahauliwa kesho yake.

Ukiweza, yale masomo ya kusoma peke yako yahamishie alfajiri. Vifurushi vya intaneti vya usiku kwa kawaida ni nafuu kuliko vya mchana, kwa hiyo pakua maandiko na rekodi za vipindi usiku, kisha uamke saa kumi usome bila mtandao, kichwa kikiwa kimepumzika. Katika kipindi cha moja kwa moja zima video, maana ndiyo inayomaliza bando, ubaki na sauti.

Kuhusu haya ya kuuliza, wewe ni mwalimu wa darasa la pili na unamjua yule mtoto anayenyamaza huku hajaelewa. Unajua pia anakofikia asipofuatwa. Anza kwa kuliandika swali lako katika sehemu ya ujumbe badala ya kulisema. Nina hakika vijana hao wanakuhitaji kuliko unavyodhani, kwa sababu mhadhiri anapofundisha jinsi mtoto anavyojifunza kusoma, wao wana ukurasa tu, na wewe una nyuso za watoto uliowafundisha. Tafuta wawili kati yao muunde kikundi kidogo: wakusaidie mambo ya mfumo na uandishi wa kitaaluma, hasa namna ya kutaja chanzo cha kila wazo uliloliazima, nawe uwasaidie kuielewa nadharia kwa mifano ya darasani.

Na jambo dogo ambalo liliwahi kuniponza: kupakia kazi kwenye mfumo si lazima iwe kuiwasilisha. Mara nyingine faili hubaki kama rasimu mpaka ubonyeze kitufe cha kuthibitisha, na mimi nilipata sifuri kwa kazi niliyoimaliza siku mbili kabla. Vilevile angalia saa kwa makini, kwa sababu mifumo hii hufuata saa za Kizungu: ukiona mwisho ni 23:59, hiyo ni saa tano na dakika 59 usiku, na 12:00 ni saa sita mchana. Usisubiri dakika hizo, umeme ukikatika hakuna atakayekuelewa.

SWALI: Mhariri, mimi ni dereva wa lori hapa Mombasa, nina miaka 38, na ninataka kusoma stashahada mtandaoni. Sina kompyuta. Je, simu pekee inatosha?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Ndugu yangu, kwa kusikiliza vipindi na kusoma, simu inatosha, nawe una saa nyingi za kungojea mzigo bandarini ambazo waweza kuzitumia vizuri lori likiwa limesimama. Kwa kuandika kazi ndefu haitoshi, utachoka na makosa yatakupita bila kuyaona. Kabla ya kununua chochote, tafuta maktaba ya umma au saiba iliyo karibu nawe, ulizia bei ya saa moja, kisha ujaribu kuandika huko kurasa tatu kwa mkao mmoja. Ukishajua zimekuchukua muda gani, utaweza kupiga hesabu kama kompyuta iliyotumika itakuwa nafuu kuliko kulipia saa hizo kwa muhula mzima.