Fremu imekula ufa: nihamishe vifaa au ninunue baiskeli nzima? Yaliyonikuta Dodoma

Mkuu, nimekusoma. Baiskeli yako ya mlima ya tairi za inchi 26, fremu ya aluminiamu, imekula ufa chini kidogo ya kibano cha siti. Fundi mmoja anasema ichomelewe, mwingine anasema utafute fremu tupu uhamishie vifaa, na mfukoni una laki tatu na nusu. Kuhamisha vifaa nimefanya mara mbili hapa hapa Dodoma. Mara ya kwanza iliniumiza sana, ya pili ilikwenda vizuri.

La kuchomelea tulimalize haraka. Fremu ingekuwa ya chuma ningekwambia mpe fundi mzuri, itakubeba. Aluminiamu ni habari nyingine. Fremu nyingi za aina hiyo zikishachomelewa kiwandani hupikwa kwenye tanuri ili zipate ugumu wake. Fundi wa mtaani akipitisha moto pale, sehemu inayozunguka kiraka inalegea, na hana tanuri la kuirudisha. Ufa utarudi pembeni ya kiraka, na safari hii unaweza kukukuta ukiwa kwenye mteremko.

Kabla hujanunua chochote, tafuta kilichoipasua. Ufa wa mahali hapo mara nyingi unatokana na nguzo ya siti kuvutwa juu kupita kiasi. Ichomoe uitazame: kuna alama imechorwa inayoonyesha mwisho wa kuivuta, na ikishaonekana nje ya fremu, uzito wako wote unabanwa kwenye kipande kifupi cha bomba. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi fremu ilikuwa fupi kwako. Ukinunua nyingine ya kimo kile kile utaipasua pia.

Sasa yangu. Miaka michache nyuma nilikuwa natoka Nkuhungu kwenda kazini Mtumba kwa baiskeli, kama kilomita 20 kwenda tu, na Jumapili napanda vilima vya Ntyuka. Baiskeli ilikuwa 26, breki za mpira zile za kubana rimu, foku (uma wa mbele unaoshika gurudumu) ya shokapu ya kawaida. Fremu ikachoka. Jamaa yangu aliyeko Dar akaniona nahangaika, akanitumia picha ya fremu tupu pale Kariakoo, ya tairi 29, nzuri mno, shilingi 180,000. Nikajisemea vifaa ninavyo, nalipia fremu tu. Ikaja kwa basi, nauli ya mzigo 10,000.

Nikaipeleka kwa fundi wangu Chang'ombe. Akaitazama kimya, kisha akaanza kuweka vifaa vyangu vya zamani pembeni, kimoja kimoja.

Breki zilitangulia. Fremu ile ilikuwa ya diski peke yake, haina vile vishikizo viwili vya kufungia breki za mpira, na habu zangu, yaani vitovu vya magurudumu, hazikuwa na mahali pa kufungia diski. Habu ya nyuma yenyewe ilikuwa ya upana wa milimita 135, ya kubana kwa kile kijiti chembamba chenye mkono. Fremu ilitaka 142, na ekseli nene inayopita katikati. Na hata ningeibana kwa namna fulani, gurudumu la 26 kwenye fremu ya 29 linaishusha baiskeli kwa takriban sentimita tatu, pedeli zinaanza kugonga mawe. Kwa hiyo magurudumu mawili na tairi zake: 240,000. Breki za diski za waya: 60,000. Nguzo yangu ya siti ilikuwa ya unene wa milimita 27.2, tundu la fremu 31.6, nikatoa 20,000. Ekseli ya pedeli ilikuwa ya kukazwa kwa nyuzi, fremu mpya inataka beringi za kushindiliwa. Hiyo pamoja na kranki, yaani mikono ya pedeli, ikala 85,000.

Foku ndiyo ilinimaliza. Shingo ya fremu mpya ilikuwa pana chini, foku yangu ni ya bomba lililonyooka, na hilo lilitatulika kwa pete ya kupunguza. Lakini gurudumu la 29 haliingii kwenye foku ya 26. Halina nafasi kabisa, linagusa juu. Foku ya mtumba 120,000, ufundi 30,000.

Jumla 745,000. Katika vyangu vya zamani vilivyohamia ni siti, usukani, pedeli na vishikio vya gia. Wiki iliyofuata nikapita Majengo nikakuta baiskeli nzima ya 29, mtumba safi, inauzwa 520,000. Nilisimama pale muda mrefu nikiitazama.

Mara ya pili ilikuwa baiskeli ya mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Naye 26, ufa kwenye fremu kama wako. Safari hii sikutazama fremu yoyote kabla ya kuvua vifaa na kuvipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene kwa milimita. Nguzo ya siti ina namba imechorwa chini, na upana wa habu unapima pale inapokaa ndani ya fremu. Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 54-559: hiyo 559 ndiyo saizi halisi ya rimu ya 26 kwa milimita, wakati 584 ni ya 27.5 na 622 ni ya 29. Kisha tukaenda kwa wauza mitumba tukiwa na nguzo ya siti na gurudumu la nyuma mkononi. Asikwambie mtu kwamba utakadiria kwa macho. Kati ya 30.9 na 31.6 jicho halioni kitu, lakini nguzo itakwama au itacheza. Duka la tatu tukapata fremu ya 26 yenye vishikizo vya breki, 135 nyuma, tundu la 27.2, nyuzi za ekseli zile zile. Gurudumu likaingia palepale. Fremu 95,000, beringi mpya za shingo, waya na cheni 35,000, ufundi 20,000. Laki moja na nusu, na mpaka leo anaipanda.

Kwa hiyo swali lako mimi nalisoma hivi: vifaa vyako vya 26 vitahamia vingapi, na je, vinastahili kuhamishwa? Kagua cheni na meno ya nyuma kwanza. Vumbi letu hili jekundu likichanganyika na mafuta linasaga kama msasa, na ukifunga cheni mpya kwenye meno yaliyolika itaruka kila unapopanda kilima. Kama cheni, meno, rimu na shokapu vyote vimechoka, utakuwa unafunga uchovu kwenye fremu nzima. Hapo tafuta baiskeli kamili ya mtumba, hata ya 26 hiyo hiyo. Kwa laki tatu mpaka tatu na nusu nimeshaziona nzuri, ukiwa na subira na ukiwa tayari kwenda asubuhi mzigo unapofunguliwa. Kama vifaa bado vina uhai, nenda na fremu ya kizazi kile kile, na pesa itakayobaki inunue tairi nzuri, maana mbigili za huku unazijua.

Wengi watakwambia 26 imepitwa na wakati. Kwa viwanda ni kweli, baiskeli mpya nyingi siku hizi ni 27.5 na 29. Ila ukipasukiwa na tairi huko Hombolo au njia ya Bahi, dukani utakutana na tairi za 26 na zile 28 za baiskeli kubwa za mizigo. Na usidanganyike kwamba 28 hiyo itakaa kwenye rimu ya 29: ile ya mizigo ni 635, ya 29 ni 622, haishiki. Nimemwona mtu amesukuma baiskeli kutoka Hombolo kwa sababu hiyo, na ni mbali.

Jambo jingine usiliruke: ipindue fremu usome namba iliyogongwa chini ya ekseli ya pedeli. Ikiwa imekwanguliwa, huenda ni ya wizi, rudisha fremu mahali pake uondoke. Ikiwepo, iandikwe kwenye risiti. Na pitisha kitambaa laini kwenye maungio yote, hasa shingoni na chini ya siti. Ufa mdogo unakamata nyuzi za kitambaa kabla macho hayajauona.

Kalipa ninayo. Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi nipo kwa fundi Chang'ombe. Ukiweza njoo na gurudumu la nyuma, nguzo ya siti na foku tu, tupime, kisha twende Majengo pamoja.