Mistari Meupe Angani na Tangi la Maji

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninalima kahawa na migomba katika kihamba cha marehemu baba yangu huko Kibosho, Moshi. Ndege zipitazo juu sana huacha mistari meupe. Mingine hufutika mara moja, mingine hukaa na kutanuka kama wingu. Jirani amepokea ujumbe wa simu unaodai kwamba inayokaa ni sumu ya kufukuza mvua. Je, nifunike tangi langu la maji ya mvua?
Msomaji, Kibosho

JIBU: Marahaba. Umetazama vizuri, na tofauti hiyo uliyoiona ndiyo yenye jibu. Kila kilo ya mafuta ya ndege inapoungua hutoa zaidi ya kilo moja ya maji, yanayotoka kwenye injini yakiwa mvuke. Kilele cha Kibo, chenye barafu, kiko mita 5,895. Ndege hizo hupita karibu mara mbili ya kimo hicho, kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi, na hapo mvuke hushikamana na masizi ukawa chembe za barafu. Hewa ya huko ikiwa kavu, chembe hizo hutoweka upesi. Ikiwa na unyevu mwingi, mstari hukaa hata saa kadhaa. Kwa hiyo mstari unaodumu haufukuzi unyevu, bali unaonyesha kwamba upo. Ndege inayoshuka kutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, haiachi mstari wa namna hiyo kwa sababu imeshafika kwenye hewa ya joto.

Uvumi wa sumu ulienea Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ilhali ndege za kivita zilikwishaacha mistari kama hiyo juu ya Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2016 watafiti waliwauliza wataalamu 77 kuhusu madai hayo, na 76 walisema hawajakutana na ushahidi wa unyunyiziaji wa siri. Mmoja alitaja kiwango kikubwa cha bariamu, aina ya metali, hewani mahali pamoja. Linalonisumbua mimi ni jingine, nalo halifichwi: mistari inayotanuka huzuia joto linalotoka ardhini lisitokomee angani, na hivyo huchangia ongezeko la joto.

Tangi lifunike, ndugu yangu, kwa sababu ya mbu, majani na kinyesi cha kunguru, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi uiache ioshe bati kabla hujaanza kukinga.