Kwa Mgeni wa Kazi ya Nguruwe: Kinga Hutoka Wapi

Wewe uliyeajiriwa karibuni kutunza nguruwe huku viungani mwa Malindi, fahamu mapema kwamba mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kingamwili za mama yake, yaani zile protini za damu zinazopambana na viini vya magonjwa, kwa kuwa kondo la nguruwe, tofauti na la binadamu, haliziruhusu kupita. Kinga yake ya siku za mwanzo imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, na baada ya takriban saa 24 utumbo wake huwa hauwezi tena kuipokea. Dang'a yenyewe huanza kupungua nguvu saa chache tu baada ya uzazi kuanza. Ndiyo maana usiku huo silali: waliotangulia wakishashiba huwaweka katika katoni lenye majani makavu kwa saa moja hivi, ili waliochelewa, ambao aghalabu ndio wadogo, wapate chuchu bila kusukumwa. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani kila mmoja atajitafutia. Asubuhi niliwakuta wawili wa mwisho wamejikunyata pembeni, matumbo yamebonyea, na sikuwa na dawa ya kuwarudishia walichokosa.

Hata hivyo, si kila virusi huzuiwa na dang'a. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery aliieleza mwaka 1921 kutokana na aliyoyaona hapa Kenya, hushambulia zile seli za mwili ambazo kazi yake ni kumeza viini. Nguruwe hutengeneza kingamwili, lakini hazitoshi kuvizima virusi hivyo, wala ugonjwa hauna tiba. Ngiri wa porini huvibeba bila kuugua na papasi wa mashimoni mwao huvisambaza, kwa hiyo nguruwe wako wasizurure vichakani.

Hapa Malindi, kwa maoni yangu, cha kuogopwa zaidi ni ndoo ya makombo ya hoteli. Wageni wa Kiitaliano wametuzoea miaka mingi, na humo ndooni nimewahi kuokota vipande vyembamba vya paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, vyekundu, vyenye ukingo wa mafuta meupe. Nyama ya namna hiyo haikupikwa, na virusi vinaweza kuishi ndani yake kwa miezi. Ni afadhali utumie pumba na mashudu. Ukilazimika kuyapokea makombo, yachemshe huku ukiyakoroga kwa nusu saa kamili tangu yaanze kutokota.

Gambuti za bandani zibaki bandani. Majirani wetu wengi ni Waislamu, na kuzivaa hadi kisimani ni kuwakosea adabu, mbali na kwamba ndizo zinazohamisha viini.

Ukiona homa kali, masikio yamegeuka zambarau na vifo vya ghafla, usiuze wala usichinje. Mwite afisa wa mifugo siku hiyohiyo. Naye mnunuzi aliyekuja kwa pikipiki akitoka banda jingine, hata akiwa rafiki yako, asubiri nje ya lango, nawe umpelekee nguruwe hukohuko.