Kabla ya kufungua majalada ya Uholanzi

Ukitafiti suala la watu kusaidiwa kufa kwa sababu ya ugonjwa wa akili, utaanzia Uholanzi. Sheria yake ya 2002 inamtaka daktari aripoti kila tukio, nalo hufikishwa kwa kamati ya mapitio, nazo kamati huchapisha muhtasari wa baadhi ya kesi. Shika hilo neno "baadhi". Tena muhtasari hutokana hasa na maelezo ya madaktari, akiwemo aliyetekeleza. Sauti ya mgonjwa imepita mikononi mwa wengine kabla ya kukufikia.

Wageni huteleza kwanza kwenye hesabu. Mwaka 2010 ziliripotiwa kesi 2 za ugonjwa wa akili; 2023 zilikuwa 138, kati ya vifo 9,068 vya kusaidiwa. Ukiandika "mara 69" hesabu ni sahihi, ila umempotosha msomaji. Weka namba zote tatu.

Pagumu zaidi ni sharti la "hakuna matumaini ya kupona". Utafiti uliotoka katika jarida la JAMA Psychiatry 2016 ulipitia mihtasari 66 ya kesi hizo za Uholanzi na kukuta zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamekataa tiba fulani. Katika kesi 16 madaktari wenyewe hawakuafikiana. Kwa hiyo usiweke safu moja ya "tiba imeshindikana". Weka nne: aliyopewa na muda wake, aliyokataa na sababu, ambayo hakupatiwa, na isiyotajwa. Safu ya mwisho ndiyo wengi huisahau, kisha ukimya wa jalada unahesabiwa kuwa tiba haikuwepo. Wasomaji wawili wajaze kila mmoja peke yake ndipo walinganishe.

Waliokataliwa na waliobadili nia hawamo kwenye majalada hayo. Ubelgiji, utafiti wa 2015 ulianza na waombaji 100: 48 walikubaliwa, 35 wakatekelezewa. Kumbuka tu kwamba mwandishi wake mkuu ndiye aliyekuwa akiwapima.

Ukihoji waombaji, fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba kushiriki hakuharakishi wala hakucheleweshi ombi. Daktari wa zamu ajulikane kwa jina kabla ya mahojiano ya kwanza, si baada ya mtu kuzidiwa. Ukihoji Tanzania, ambako kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, eleza mipaka ya usiri kabla hujawasha kinasa sauti. Kwenye ripoti, usitaje njia iliyotumika, na usiweke umri, mji na ugonjwa katika mstari mmoja: kesi zikiwa chache, jirani atamtambua.