Maswali ya Wasomaji: Sauti Ipo, Picha Haipo

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, televisheni yetu ya inchi 43 ilianza kwa kuzimika picha na kurudi, na sasa kioo ni cheusi kabisa ingawa sauti inasikika na rimoti inabadilisha chaneli kama kawaida. Fundi wa mtaani amesema taa za ndani zimekufa, na gharama aliyoitaja inakaribia nusu ya bei ya televisheni mpya. Mdogo wangu, anayesomea umeme wa majumbani VETA, anasema tunaweza kuitengeneza wenyewe Jumamosi moja. Mke wangu hataki hata kusikia. Nimsikilize nani? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Kabla ya kumsikiliza yeyote, subiri usiku uingie, zima taa za sebuleni, washa televisheni, kisha sogeza tochi karibu na kioo na uimulike kwa upande. Ukiona kwa mbali watu wanatembea au maandishi ya menyu yanabadilika, huenda fundi wako amesema kweli: picha inatengenezwa, ila hakuna mwanga wa kuionyesha, kwa kuwa kioo cha aina hiyo hakitoi mwanga wake chenyewe bali hutegemea taa zilizopangwa nyuma yake. Usipoona kitu chochote hata kwa tochi, tatizo huenda liko kwenye bodi, yaani ubao wa sakiti za ndani, au kwenye kioo chenyewe, na hapo nakushauri usifungue hata skrubu moja.

Nyuma ya kioo chako kuna mikanda myembamba iliyopachikwa taa ndogo za LED, ambazo kwa kawaida huungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, mithili ya shanga kwenye uzi mmoja. Ikikatika moja, mkondo wa umeme haupiti tena na zote zilizo kwenye uzi huo huzimika pamoja nayo. Ndiyo maana televisheni nzima inaweza kuwa giza kwa sababu ya kitaa kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama. Wakati mwingine mwanga hutokea kwa sekunde moja kisha hupotea, kwa sababu sakiti inayolisha taa imegundua hitilafu na kujizima.

Mkeo ana haki ya kusita, ingawa nadhani anachokiogopa ni umeme, na umeme ndio sehemu iliyo rahisi kuidhibiti. Chomoa plagi ukutani, wala usitosheke na kuzima kwa rimoti. Kapasita kubwa, kifaa cha kuhifadhi chaji kilicho kwenye bodi ya umeme, hubeba zaidi ya volti 300 na inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo subirini, kisha mdogo wako aipime kwa mita ya kupimia volti kabla ya mkono wowote kugusa bodi hiyo. Baada ya kufungua, msiwashe televisheni ili kuchunguza taa huku mmeshika mikanda, kwani volti zinazopelekwa kwenye mfululizo mrefu wa taa zinaweza kudhuru.

Ninachokiogopa mimi ni kioo. Ili kuzifikia taa ni lazima kukitoa kioo chote, na kwa ukubwa wa inchi 43 hicho ni kitu chembamba, kipana na kinachonepa, ambacho mtu mmoja hawezi kukinyanyua salama hata awe na mikono ya daktari wa upasuaji. Kwenye ukingo wake kuna vipande vya plastiki laini vyenye chipu ndogo, vinavyounganisha kioo na bodi nyembamba. Kikichanika kimoja, utapata mistari au sehemu nzima iliyokufa, na hakuna solda ya nyumbani itakayokirudisha, maana huunganishwa kwa mashine maalumu. Kioo kipya hugharimu karibu sawa na televisheni yenyewe. Kwa hiyo tafuteni meza pana kuliko televisheni, tandikeni blanketi safi, wekeni watoto mbali, na watu wawili wakinyanyue kioo kwa wakati mmoja kikiwa kimenyooka. Kikishatoka, kilazwe mahali ambapo hakuna atakayepita wala kuweka kikombe cha chai.

Chini ya kioo mtakuta karatasi za kusambaza mwanga, nyembamba juu ya nene. Zipigeni picha kwa simu, wekeni alama ndogo pembeni kuonyesha mfuatano na upande wa juu, na mzishike kwa glovu za kitambaa, kwa sababu alama ya kidole iliyobaki humo mtaitazama kila jioni.

Kwa kuzipima taa, mita ya kawaida inaweza kuwadanganya: baadhi ya taa hizi huhitaji volti 3 na nyingine volti 6, na mita nyingi hazitoi kiasi hicho cha pili, hivyo taa nzima inaweza kuonekana mbovu. Betri ya volti 9 pamoja na rezista ya omu 470, kifaa kidogo cha kupunguza mkondo, itawasha aina zote mbili kwa mwanga hafifu unaotosha kuijua iliyokufa.

Mafundi wengine huiruka taa mbovu kwa kuunganisha kipande cha waya juu yake. Televisheni huweza kuwaka, lakini mtabaki na kivuli mahali hapo, na zilizobaki zina umri uleule na zimepikwa na joto lilelile, kwa hiyo mtaifungua tena, na kila kufungua ni kubahatisha kioo upya. Nunueni seti nzima. Nendeni dukani na mkanda wa zamani mkononi, mlinganishe namba iliyochapishwa juu yake, idadi ya taa, volti, urefu, umbo la lenzi (vikofia vya plastiki juu ya taa) na soketi. Jina na inchi za televisheni pekee hazitoshi, kwani modeli moja inaweza kutoka na mikanda tofauti.

Uamuzi wangu ni huu: ingekuwa ya inchi 32 ningesema endeleeni bila wasiwasi mkubwa, na ingekuwa ya 55 ningesema mpelekee fundi. Kwa 43, jaribuni ikiwa tu mko tayari kuipoteza na mdogo wako amewahi kuona kazi hii ikifanywa. Ikiwaka, ingia kwenye menyu ya picha na ushushe kipimo cha “Backlight” hadi karibu nusu, maana joto la kuwaka kwa nguvu zote siku nzima huzimaliza taa hizi mapema.

SWALI: Nilibadilisha taa za televisheni yangu mwenyewe na inawaka vizuri, lakini kuna madoa mawili meupe ya duara yanayong'aa kuliko sehemu nyingine. Je, nimenunua taa mbovu? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Inaelekea taa ni nzima, ila lenzi mbili, vile vikofia vya plastiki vinavyotawanya mwanga, zimedondoka. Zitafute ndani ya televisheni, kwa kawaida huwa zimeteremkia chini. Zirudishe miguu yake ikae palepale ilipokuwa, kwa tone dogo la gundi ya epoksi kwenye kila mguu. Usitumie ile gundi ya kukauka papo hapo, kwa kuwa mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya lenzi, na utakuwa umebadilisha doa jeupe kwa doa la kijivu. Kabla ya kukirudisha kioo, sukuma kila lenzi taratibu kwa ncha ya kidole. Itakayotikisika ibandike sasa hivi ukiwa bado umefungua.