Maswali ya Wasomaji: Natoka maabara, nataka kujua hospitali inaendeshwaje

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya halmashauri. Kazi naipenda, lakini naumia nikiona mashine ya kupima damu imesimama kwa kukosa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na kila ninayemuuliza ananielekeza kwa mwingine. Natamani kujifunza jinsi hospitali na kampuni za dawa na vifaa tiba zinavyopangwa na kuendeshwa, ikiwezekana nihamie huko. Kampuni moja ya vitendanishi imeniita kazini. Kaka zangu wanasema utawala ni wa walioshindwa fani. Nianzie wapi: chuo, kampuni, au nibaki nilipo? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekuwa katibu wa afya hadi nilipostaafu, kwa hiyo la kaka zako nalijibu kwanza. Mama mjamzito anayevuja damu usiku, akaambiwa hakuna mifuko ya kukusanyia damu kwa sababu hakuna aliyeagiza, ameumizwa na utawala. Anayehakikisha mifuko ile ipo anatibu. Waambie hivyo, kisha uendelee na mipango yako.

Sasa tuje kwenye kujifunza. Ubaoni, karibu na ofisi ya mganga mfawidhi, kuna mchoro wa muundo wa hospitali yenu. Usome, ila hautakuonyesha kwa nini mashine yako imesimama. Mimi vijana walioletwa kwangu kujifunza kazi nilikuwa nawapeleka stoo ya dawa kwanza, wakae na mtunza stoo, ndipo waje ofisini. Wewe chukua kitendanishi kile kile kilichokukwamisha, ukifuate kinyumenyume. Aliyetoa chupa ya mwisho aliiandika kwenye kadi ya rafuni? Mkuu wenu wa maabara alijaza matumizi halisi kwenye ripoti na maombi, au alinakili takwimu za kipindi kilichopita? Mfamasia alipunguza nini alipoona fedha hazitoshi? Mganga mfawidhi alisaini lini? Ombi lilifika Bohari ya Dawa lini, na Bohari ilijibu nini?

Bohari ya Dawa, MSD, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na ndiyo mlango wa kwanza wa vituo vya umma. Isipokuwa na bidhaa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuhudumia mkoa. Mpango huo ulianzia Dodoma mwaka 2014, kisha ukaenezwa Tanzania Bara. Mara nyingi nimekuta kituo kimekaa kikisubiri huku mshitiri ana mzigo, kwa sababu tu hakuna aliyeandika barua ya pili. Ukifuata chupa yako vizuri utaikuta meza ambayo karatasi hulala. Uliza kwa adabu kwa nini inalala pale. Jibu lake litakufundisha mengi kuliko muhula mzima darasani.

Jambo la pili ni fedha, na hapa nakuomba utulie kidogo, maana wataalamu wengi wa tiba hulikimbia. Kabla ya kuuliza fedha ziko wapi, ujue hospitali yenu ina mabwana wawili. Wizara ya Afya inatoa sera, miongozo na viwango vya taaluma. TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia halmashauri, ndiyo mwenye hospitali: Mganga Mkuu wa Wilaya yuko chini ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Hospitali za rufaa za mikoa zenyewe zilihamishiwa Wizara ya Afya, kwa hiyo mwenzako wa mkoani ana mkubwa tofauti na wako, ingawa mnapeana wagonjwa kila siku. Na Bugando au KCMC utakuta mpangilio mwingine tena: ni hospitali za taasisi za kidini, serikali inachangia watumishi, na zinapokea rufaa za kanda nzima. Anayelalamika kwamba “serikali haijaleta” bila kujua ni serikali ipi kati ya hizo, barua yake itazunguka mwaka mzima.

Fedha nazo hutoka sehemu mbalimbali. Kuna mishahara, inayolipwa kutoka hazina. Kuna Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, ambao tangu mwaka wa fedha 2017/18 huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kuna malipo ya papo kwa papo, na kuna madai ya bima. Hayo ya bima yafuatilie kwa jicho kali. Fomu ikikosa saini ya mgonjwa, au kipimo ulichofanya kikawa hakiendani na ugonjwa ulioandikwa na daktari, dai linakatwa. Kipimo umefanya, kitendanishi kimekwisha, fedha ya kununua kingine haiji. Nenda ofisi ya madai, omba wakuonyeshe madai ya maabara yaliyokataliwa robo mwaka iliyopita na sababu zake. Pengine nusu ya ukame wa vitendanishi unaokuumiza unaanzia kwenye meza yenu wenyewe ya mapokezi, wala hakuna anayejua.

Kampuni ni jambo lingine. Usidhani zote zimejengwa kuzunguka mauzo. Kampuni ya bidhaa za tiba husimama kwanza kwenye usajili: bila kibali cha TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa na vifaa tiba iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, bidhaa haiingii sokoni, na mtengenezaji wa nje anahitaji mwakilishi aliyeko nchini wa kubeba dhamana hiyo. Katika kiwanda cha dawa kuna kanuni ninayoiheshimu sana: mkuu wa uzalishaji na mkuu wa ubora hawawekwi mmoja chini ya mwenzake. Anayesukumwa kutoa mzigo haraka hapewi mamlaka ya kumnyamazisha anayesema mzigo huu haufai. Ukienda kwenye usaili, uliza mkuu wa ubora anawajibika kwa nani. Wakibabaika, umeshajua.

Kuhusu hao waliokuita, ninyi wa maabara mnalijua hili: mashine nyingi hukubali vitendanishi vya kampuni yake tu. Kampuni huweka mashine bila kudai bei yake, ikarudisha fedha kupitia vitendanishi. Si dhambi, na vituo vingi vimepata vipimo kwa njia hiyo. Swali ni nani anatengeneza mashine ikiharibika, ndani ya muda gani, na kama hilo limeandikwa kwenye mkataba. Kwa hiyo usiwaulize mshahara peke yake. Uliza wana mafundi vifaa tiba wangapi, wako mikoa gani, na vipuri vinatunzwa wapi. Wakikupa nafasi ya kufundisha watumiaji na kufuatilia mashine vituoni, ni shule nzuri. Nafasi ya kukimbizana na malengo ya mauzo kwa waganga wafawidhi uliofanya nao kazi jana, mimi binti yangu nisingemruhusu.

Ushauri wangu ni kwamba ubaki kwanza, mpaka upitie msimu mmoja kamili wa bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mpango kabambe wa afya wa halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Mwombe mganga mfawidhi uingie kwenye timu ya kuuandaa, na kwenye kamati ya dawa na tiba. Hukataliwi, wengi huzikwepa kwa kuwa hazina posho. Soma pia mihtasari ya vikao vya kamati ya usimamizi, ile yenye wananchi ndani yake. Maswali yao mara nyingi ni makali kuliko yetu.

Baada ya hapo nenda chuo. Mzumbe wana shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya, nawe utaingia darasani ukiwa na maswali yako mwenyewe mkononi. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kupitia kwa mwajiri wako kabla hujaripoti chuoni, ubaki na nakala yenye mhuri. Nimewaona vijana wazuri wakirudi na shahada halafu wanahangaika kubadilishiwa kada, yaani kundi la kazi waliloajiriwa nalo, kwa sababu faili halina barua hiyo moja.